Siku 30 za barua taka: tutakavyosafisha seva za wateja wetu kabla ya msimu

Kuna simu tunayoipokea zaidi mwezi Oktoba na Novemba, minada ya korosho ikiwa imepamba moto: "Fundi, tangu asubuhi barua haziingii." Mhasibu anasubiri uthibitisho wa malipo kutoka kwa mnunuzi, karani wa forodha anasubiri nyaraka za meli, na kisanduku kimenyamaza. Tukiingia kwenye seva, ile kompyuta inayopokea na kutunza barua pepe za ofisi, tunakuta kila kitu kizima ila diski imejaa. Na tukitafuta kilichoijaza, mara nyingi si mikataba wala picha za mizigo. Ni folda ya barua taka (Spam au Junk), ambayo hakuna aliyeifungua tangu seva iwashwe.

Kuanzia tarehe 1 Oktoba, seva zote tunazozitunza Mtwara mjini, Mikindani, Masasi na Lindi zitafuta barua taka zenyewe, kila barua ikitimiza siku 30 tangu iingie kwenye folda hiyo. Tungeweza kuandika sentensi hiyo moja chini ya ankara yenu tukaishia hapo. Lakini mashine inayofuta mali ya mtu bila kumwuliza ni jambo zito, na sisi wenyewe tumewahi kulikosea. Kwa hiyo tunaeleza kwa urefu.

Tuanze na hesabu. Chukua ofisi ya watu 12, kila mmoja akipokea barua taka 40 kwa siku. Hizo ni 480 kwa siku, na 175,200 kwa mwaka. Kila moja ikiwa na KB 60, mwaka ukiisha umebeba zaidi ya GB 10 za matangazo ya dawa, bahati nasibu na "urithi" wa watu usiowajua. Kwa ofisi yenye seva ya GB 40, hiyo ni robo ya nyumba. Tena seva zetu huhifadhi kila barua kama faili lake, kwa hiyo nakala ya akiba ya kila usiku inapopelekwa Dar es Salaam, mafaili hayo yote yanahesabiwa na kusafirishwa pamoja na kazi yenu halali. Intaneti mnayoilipia inabeba taka kwenda na kurudi.

Diski ikijaa, barua hazipotei mara moja. Postfix, programu inayopokea barua kwenye seva zetu, humjibu mtumaji kwa msimbo unaoanza na 4, maana yake jaribu tena baadaye. Seva ya mtumaji huiweka barua kwenye foleni na kuendelea kujaribu, kwa kawaida hadi siku 5 hivi, kisha humrudishia mwenyewe. Kinachotutia hofu zaidi ni kisanduku cha mtu mmoja kufikia kikomo chake cha nafasi. Hapo jibu huwa ni msimbo unaoanza na 5, yaani hapana ya mwisho, na barua humrudia mtumaji papo hapo. Barua taka nazo huhesabiwa katika kikomo hicho. Mnunuzi aliyeko Vietnam haoni kwamba kisanduku chako kimejaa matangazo. Anachoona ni kwamba barua yake imekataliwa.

Wengine wametuuliza: kama mashine inajua kwamba hii ni taka, kwa nini isiikatalie mlangoni? Tunazikatalia nyingi sana. Zinazofika kwenye folda ni zile ambazo mashine ina shaka nazo. Kichujio tunachotumia, SpamAssassin, huipa kila barua alama kwa dalili inazozionyesha: anwani ya mtumaji isiyolingana na seva aliyotumia, viungo vya tovuti zenye sifa mbaya, maneno ya aina fulani, tarehe isiyoeleweka. Zikifika 5, barua huhesabiwa kuwa taka. Zenye alama za juu mno hazivuki mlango. Zilizo katikati ndizo huwekwa kando.

Aliyewahi kukaa ghalani wakati wa kuchambua korosho anaujua utaratibu huu. Mchambuzi hatupi kila korosho anayoitilia shaka. Anaisukuma pembeni, na kabla rundo la pembeni halijazolewa, kuna mtu anayelipindua kwa mkono, maana ndani yake huwa mna korosho njema iliyochafuka ganda tu. Folda ya barua taka ni rundo hilo la pembeni. Siku 30 ni muda wa mtu kulipindua.

Kosa letu lilitokea miaka kadhaa iliyopita. Tulimwekea mteja mmoja programu fupi tuliyoiandika wenyewe. Kila usiku saa nane ilipita kwenye folda za taka, ikasoma tarehe iliyoandikwa kwenye kila barua, na kufuta zilizozidi siku 30. Ilionekana safi kabisa, tukajivunia. Msimu ulipofika, mnunuzi wa mteja huyo alimtumia masharti mapya ya mzigo kutoka kwenye kompyuta ambayo betri yake ndogo ya saa ilikuwa imekufa. Kompyuta ya namna hiyo ikikatikiwa umeme hurudi kwenye tarehe ya zamani, na barua ile ilisema imeandikwa Januari 2009. Kichujio kikaitilia shaka, kwa kuwa tarehe iliyo nyuma mno ni mojawapo ya dalili zake, kikaiweka kwenye folda ya taka saa kumi na moja jioni. Saa nane usiku programu yetu ikaikuta, ikaihesabu kuwa ya miaka mingi iliyopita, ikaifuta.

Barua ilikaa kwenye seva saa tisa tu. Mnunuzi aliamini amepuuzwa, mteja wetu aliamini mnunuzi amekwenda kwa mwingine. Tulikuja kuijua kweli tulipofuatilia kumbukumbu za seva, siku nyingi baadaye. Tulikwenda ofisini kwake kumwomba radhi uso kwa uso, na programu ile tuliiondoa kwenye seva zote siku hiyo hiyo.

Tulichojifunza ni kwamba tarehe iliyo ndani ya barua si ushahidi. Huandikwa na kompyuta ya mtumaji, na mtumaji anaweza kuandika apendavyo, kwa bahati mbaya au kwa makusudi. Wapo watuma taka wanaoweka tarehe ya miaka ijayo ili barua yao ikae juu ya orodha daima, na programu yetu ya zamani isingezifuta hizo kamwe. Ilifuta asiye na hatia na kumwacha mwizi.

Utaratibu mpya hauiangalii tarehe hiyo hata kidogo. Dovecot, programu inayotunza visanduku vyenu, huweka muhuri wake yenyewe pale barua inapoingia kwenye folda, kama karani wa masijala anavyogonga muhuri wa "imepokelewa" bila kujali barua imeandikwa lini. Sisi tunahesabu kutoka kwenye muhuri huo. Kwa mafundi wenzetu wanaosoma hapa: ni mpangilio wa autoexpunge uliowekwa 30d kwenye folda ya taka peke yake. Programu hufanya ufutaji mtumiaji anapomaliza kuunganishwa na kisanduku chake. Kwa visanduku ambavyo havifunguliwi mara kwa mara tunaongeza amri ya doveadm expunge yenye sharti la savedbefore, inayopita kila usiku. Msitumie sentbefore, hilo ndilo sharti linaloamini tarehe ya mtumaji. Wala msiingie kwenye diski na kufuta mafaili kwa mkono, kwa sababu faharasa ya kisanduku inaweza kubaki ikizitaja barua ambazo hazipo tena.

Muhuri huo una faida nyingine. Ukiisukuma barua ya mwaka 2021 kwenye folda ya taka kwa bahati mbaya leo, kidole kikiteleza kwenye simu, hesabu yake inaanza leo. Una siku 30 kamili za kugundua na kuirudisha.

Na tafadhali irudisheni kwa kuihamisha, msiombe tu itumwe upya. Kila barua njema inayotolewa kwenye folda ya taka, na kila taka inayohamishiwa humo kutoka kwenye kikasha (Inbox), seva yetu huisoma kama somo. Sehemu ya kichujio inayojifunza haianzi hata kazi mpaka ionyeshwe barua 200 za taka na 200 njema. Ukiifuta taka moja kwa moja kutoka kwenye kikasha, umejisaidia kwa siku hiyo tu, kesho itarudi ndugu yake.

Kitu ambacho hatutakigusa ni folda ya barua zilizofutwa. Najua kwa jina lake ingestahili kusafishwa kabla ya nyingine zote. Lakini tumekuta ofisi zaidi ya moja ambako mkuu wa ofisi, kwa miaka, amekuwa akifuta barua zilizokwisha kushughulikiwa huku akijua zipo pale na anaweza kuzitafuta. Kwake yeye hilo ni kabati la kumbukumbu. Hatufungui kabati la mtu na kulimwaga. Ukitaka nayo isafishwe, mwombe mkuu wako atuandikie.

Majina ya folda nayo yamesumbua. Outlook kwenye kompyuta ya mapokezi ilitengeneza "Junk E-mail", simu ya meneja ikatengeneza "Spam", na seva ilikuwa na yake tayari inayoitwa "Junk". Mtu mmoja, mapipa matatu, na usafishaji ungefika kwenye moja tu. Tangu mwaka 2011 upo utaratibu rasmi wa seva kuiambia programu ya mtumiaji kwamba folda ya taka ndiyo hii, usitengeneze nyingine, na programu nyingi za sasa huutii. Wiki hizi mbili tunapita kuunganisha folda hizo. Ukiona moja imetoweka, yaliyokuwamo yapo kwenye ile iliyobaki.

Sasa nifike kwa wale wanaotutia wasiwasi kweli: wanaosoma barua kwa POP, njia ya zamani ya kupakua barua kutoka kwenye seva. Kama kompyuta yako iliwekewa barua pepe miaka mingi iliyopita na haijaguswa tangu hapo, huenda ni wewe. POP huona kikasha tu. Folda ya taka iliyo kwenye seva haioni kabisa, haijui kama ipo. Kwa mtu wa POP, barua njema ikikosewa na kichujio hukaa siku 30 kwenye chumba asichokuwa na mlango wake, kisha hufutwa. Mteja tuliyemkosea alikuwa akitumia POP; hata programu yetu ingekuwa sahihi, asingeiona barua ile. Ndiyo maana kwa visanduku vya POP hatutawasha ufutaji mpaka tuvihamishie IMAP, ambayo huonyesha folda zote kwenye kompyuta na kwenye simu kwa pamoja. Uhamishaji huchukua kama saa moja kwa kompyuta, na kwa wenye mkataba wa matengenezo hauna malipo ya ziada.

Kila Jumatatu asubuhi kila mtu atapokea barua moja fupi yenye orodha ya zilizoingia kwenye folda yake ya taka wiki iliyopita: mtumaji na kichwa cha habari, basi. Ipitishie macho kabla ya chai. Tumeichagua Jumatatu ili hata aliyekuwa safarini Newala wiki nzima aikute juu.

Barua taka hazitaingia tena kwenye nakala za usiku. Hii ina maana kwamba ikishafutwa siku ya 30, hatuwezi kuirudisha, hata ukija umeshika kichwa. Tunalisema wazi mapema. Ankara au stakabadhi iliyoangukia humo itoe, maana Sheria ya Usimamizi wa Kodi inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, na folda ya taka si mahali pa kuzitunzia. Kwa upande mwingine, humo huwa mna wasifu wa waombaji kazi na nakala za vitambulisho vya watu, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ianze kutumika tarehe 1 Mei 2023, kurundika taarifa za watu bila sababu ni mzigo ambao ofisi ndogo haiuhitaji.

Kabla ya tarehe 1 Oktoba tunawaomba mfungue folda ya taka na kuipitia yote mara moja, kwa sababu usiku wa kwanza ndio utakaofuta nyingi zaidi. Anzeni kwa kutafuta majina ya wanunuzi wenu, benki yenu na wakala wenu wa meli. Mtu ambaye barua zake hutaki zikae humo hata siku moja, tuletee anwani yake tumwandike kwenye orodha ya wanaopita bila kupimwa. Wa POP tutawapigia mmoja mmoja wiki hii. Asiyepata simu hadi Ijumaa na ana shaka, aje na kompyuta yake ofisini kwetu Shangani. Tutaiangalia akiwa amekaa hapo hapo.