Harambee ya Mashine za Kutuliza Maumivu ya Mgongo kwa Wazee Wetu

Wapendwa wa hapa Wundanyi, nanyi mlioko Voi, Mombasa, Nairobi na ng'ambo: Bwana asifiwe.

Mnawajua akina nyanya ambao siku hizi hawaonekani kanisani. Hawakuhama wala hawajakosana na mtu. Wamefungwa nyumbani na mgongo. Mwanamke akishakoma hedhi, mifupa yake hupungua uzito mwaka hadi mwaka bila kutoa dalili. Madaktari huuita ugonjwa huo osteoporosisi. Hatimaye pingili ya uti wa mgongo hubonyea kwa jambo dogo tu: kuinua ndoo, kuinama shambani, hata kukohoa. Wanaume pia hupatwa, ila ni wachache zaidi. Kimo hupungua, kibyongo huanza, na tunaambiana kwamba ni uzee.

Anayeumwa hulala, na hapo ndipo penye mtego. Akikaa kitandani wiki kadhaa misuli hunyong'onyea na mifupa huzidi kupungua, maana mfupa hujijenga kwa kubeba uzito. Pingili nyingine inafuata. Nazo dawa za maumivu tunazowanunulia dukani, za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni, zikimezwa mfululizo huweza kutoboa tumbo na kuharibu figo za mzee.

Tunataka kununua mashine 6 za TENS. Ni kimashine cha kushikwa mkononi, chenye nyaya na vibandiko vinavyowekwa kwenye ngozi karibu na panapouma. Hupitisha mapigo madogo ya umeme, mara nyingi 80 hadi 100 kwa sekunde, na mgonjwa huhisi kama anatekenywa. Mwaka 1965 wanasayansi Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba neva za mguso zikichangamshwa, hupunguza habari za maumivu zinazopanda kwenda kwenye ubongo. Ndiyo sababu ukijigonga goti mkono hukimbilia kulisugua. Na kwa ndugu aliyeuliza mkutanoni kama tunakusudia kuwapiga nyanya zetu shoti: betri yake ni ya volti 9, sawa na ya maikrofoni ya kwaya.

Tuseme ukweli kabla hamjafungua mifuko. Mashine hii haiungi mfupa. Utafiti juu ya matumizi yake kwa waliobonyea pingili bado ni mchache. Wapo wanaopata nafuu nzuri na wapo wasioona tofauti. Nafuu yenyewe huwa ni wakati mashine inafanya kazi na kitambo kidogo baadaye. Kitambo hicho ndicho tunachokitafuta: mzee ainuke, anyooshe mgongo, afanye mazoezi aliyofundishwa, afike hadi kwa jirani. Kwa hiyo kamati ilikataa kununua mashine tupu bila mtu wa kuzisimamia. Mtaalamu wa tiba ya viungo atapanda kutoka Voi mara moja kwa mwezi kwa miezi 6. Hakuna atakayebandikwa kabla ya kuonwa na daktari, na mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo hatatumia kabisa. Dawa za mifupa walizoandikiwa hospitalini zinaendelea kama kawaida.

Lengo ni shilingi 150,000. Mashine ni 48,000, na vibandiko 12,000 kwa kuwa gundi yake huisha. Nauli na posho ya mtaalamu ni 60,000. Zinazobaki 30,000 ni za eksirei kwa wale ambao mgongo wao haujawahi kupigwa picha.

Harambee ni Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, baada ya ibada ya pili. Asiye na fedha alete ndizi, parachichi, kuku au mayai. Tutafanya mnada palepale uwanjani. Walio mbali watumie paybill ileile ya sadaka, na mahali pa akaunti waandike MGONGO. Mweka hazina atabandika hesabu mlangoni kila Jumapili. Na kama kwenu kuna mzee aliyelala kwa sababu ya mgongo, mpe mzee wa kanisa wa mtaa wako jina lake wiki hii, hata kama hutatoa shilingi.