Warushaji wa besiboli wajengwe miguu na mgongo kabla ya mkono

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nitoe maoni kuhusu mazoezi ya nguvu kwa vijana wanaocheza besiboli, mchezo ambao bado ni mchanga hapa Tanzania lakini umekwisha kupata uwanja wake pale Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam, pamoja na mashindano ya shule yanayoitwa Tanzania Koshien. Mimi ni mwalimu wa michezo, na ninaloliona viwanjani ni kwamba tunawafundisha vijana hawa kurusha, kudaka na kupiga, kisha kuujenga mwili wenyewe tunauachia mchakamchaka.

Sina ugomvi na mchakamchaka, kwani unajenga pumzi na nidhamu, na pengine ndilo zoezi pekee ambalo shule nyingi zinalimudu bila kuomba fedha kwa mtu. Lakini besiboli si mchezo wa pumzi ya masafa marefu. Mrushaji, yaani anayemtupia mpira mpigaji mwenye gongo, husimama mita 18.44 kutoka kwake, hufanya tendo moja la nguvu zake zote ambalo huisha kufumba na kufumbua, kisha hutulia kidogo kabla ya kulirudia. Naye mkimbiaji anayetoka kituo kimoja kwenda kingine ana mita 27.43 tu za kukimbia. Kumzungusha kijana wa namna hiyo uwanja mzima kila asubuhi, bila zoezi lingine, ni kumwandaa kwa mchezo ambao hachezi.

Wengi hudhani kasi ya mpira hutoka mkononi, ilhali mkono ndio wa mwisho kuipokea. Nguvu huanzia mguu wa nyuma unapoisukuma ardhi, hupanda kwenye nyonga, hupita kiunoni mwili unapojizungusha, hufika begani, ndipo mkono unapofyatuka. Mwenye mapaja na kiuno dhaifu huitafuta kasi hiyohiyo kwa kuulazimisha mkono, na wanaoumia ni bega na kiwiko. Tena mpira ukishatoka, huo wenye uzito wa gramu 145 hivi, kazi haijaisha, kwa sababu misuli midogo ya nyuma ya bega ndiyo inayoufungia mkono breki, na hiyo ndiyo misuli ambayo pushapu, zoezi tunalolipenda kuliko yote, haiishughulishi vya kutosha.

Najua nitaulizwa kuhusu vifaa. Dumu la lita 20 likijaa maji lina kilo 20; kijana akilikumbatia kifuani likiwa nusu, akachuchumaa polepole na kuinuka akiwa amenyoosha mgongo, tayari ameanza kujenga miguu, na maji huongezwa kadiri anavyozoea. Tyubu kuukuu ya baiskeli ikifungwa kwenye nguzo ya goli, usawa wa kiuno, inatosha kwa bega: mchezaji husimama ubavu kwa nguzo, hukunja kiwiko cha mkono ulio mbali nayo, hubana taulo kati ya kiwiko na mbavu ili mkono usitanuke, kisha huvuta tyubu kuelekea nje na kuirudisha taratibu kuliko alivyoivuta. Huko kurudisha ndiko kwenye faida kubwa, nako ndiko vijana wanakokuharakisha wakitaka wamalize waende kupiga mpira. Kwa kiuno, mpira chakavu wa miguu uliojazwa mchanga na kushonwa vizuri hurushwa ukutani kwa mikono miwili, kwa kuzungusha kiuno, kulia na kushoto. Siku mbili kwa juma zinatosha katika msimu wa mashindano, mradi zisiangukie mkesha wa mechi.

Wapo wazazi, na hata walimu wenzangu, wanaoamini kuwa vyuma vinadumaza watoto au vinakaza misuli hadi mkono ushindwe kufyatuka. Madaktari wa watoto wa Marekani wanaeleza kuwa mazoezi ya nguvu yanayosimamiwa vizuri ni salama kwa vijana, na hofu ya kukaza misuli hata huko ilitawala besiboli kwa miaka mingi. Nolan Ryan alikuwa miongoni mwa warushaji walioipuuza, akanyanyua vyuma kwa bidii akiwa na timu ya Houston Astros chini ya mkufunzi Gene Coleman, na mwaka 1991, akiwa na umri wa miaka 44 na timu ya Texas Rangers, alimaliza mechi bila mpinzani hata mmoja kupata pigo salama, yaani kuupiga mpira na kufika kituoni kwa pigo hilo, ikiwa ni mara yake ya saba kufanya hivyo.

Hata hivyo, nguvu peke yake si kinga. Ligamenti ya kiwiko, yaani ule ukanda unaoshikanisha mifupa yake, haijengeki haraka kama paja, na ripoti iliyotolewa na ligi kuu ya Marekani mwezi Desemba 2024 ilitaja mbio za kutafuta kasi zaidi na kurusha kwa nguvu zote kila mara kuwa miongoni mwa sababu za warushaji kuumia. Kwa hiyo mipira mizito ya kuongeza kasi, ambayo vijana huiona mitandaoni, isiletwe shuleni. Mwongozo wa Marekani unamtaka mwenye miaka 15 au 16 asirushe zaidi ya mipira 95 kwa siku, na akivuka 75 apumzike siku nne. Japani kwenyewe, nchi ya Koshien, mashindano ya besiboli ya shule za sekondari ambayo mashindano yetu yamechukua jina lake, mwanafunzi Daisuke Matsuzaka alirusha mipira 250 katika mechi moja ya mwaka 1998 na taifa zima likamshangilia. Tangu mwaka 2020 wanafunzi wa nchi hiyo wamewekewa kikomo cha mipira 500 kwa wiki.

Katika mechi moja ya shule niliyoitazama, mrushaji alirudi benchi akijipapasa upande wa ndani wa kiwiko, akapakwa dawa ya kuchua, akarudishwa uwanjani, na hakuna hata mmoja pale benchi aliyejua alikuwa amerusha mipira mingapi. Nashauri kila timu iwe na mwanafunzi mwenye daftari anayehesabu, na waandaaji wasimruhusu mrushaji kuendelea pale hesabu inapofika kikomo. Nawe Mhariri, waandishi wako wa michezo wanapoleta matokeo ya besiboli, naomba mchapishe idadi ya mipira aliyorusha kila mrushaji kando ya jina lake, ili mwalimu wa timu itakayokutana naye keshokutwa, na mzazi wake aliyeko nyumbani, waione.

Wako,
Mwalimu wa michezo,
Temeke, Dar es Salaam