Kabla ya kuuliza bei ya kisanduku cha televizio

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi nijibu makala yenu kuhusu visanduku vya Android, vile vinavyochomekwa kwenye televizio ili kutazama filamu na mipira kwa njia ya intaneti. Makala hiyo iliwashauri wasomaji waangalie kwanza ukubwa wa memori na bei. Kwa maoni yangu, swali la kwanza ni kama kisanduku chenyewe kimeidhinishwa na Google, kampuni inayotengeneza Android, na ndilo swali ambalo wauzaji wetu hawapendi kuulizwa.

Ukizunguka maduka ya komine ya Kenya au ya katikati ya mji hapa Lubumbashi, utaonyeshwa katoni nyeusi zisizo na jina la kiwanda kinachojulikana, zimeandikwa «8K», yaani picha safi kupita hata ya 4K, kwa herufi za dhahabu, huku muuzaji akikuhakikishia kwamba utapata chaneli za dunia nzima bila kulipa kitu kila mwezi. Kuandika 8K juu ya katoni hakumgharimu mtu chochote. Vingi kati ya visanduku hivyo vimewekewa Android ya simu, siyo Android TV iliyotengenezwa kwa ajili ya televizio, na ndiyo maana mnunuzi hujikuta anasukuma kishale kwenye skrini kama mtu aliye mbele ya kompyuta, kwa kuwa telekomande haifiki kwenye kitufe anachokitaka. Isitoshe, Netflix hukikagua kifaa kabla ya kukipa picha nzuri: kisanduku cha Android kisichokuwa na Widevine, ulinzi wa Google wa kuzuia filamu zisinakiliwe, wa daraja la juu liitwalo L1, hakipewi picha ya HD, hata kama intaneti yako ni ya kasi na televizio umeitoa dukani jana. Hivyo mtu ananunua «8K» na kutazama sura zenye ukungu.

Hilo ni la picha tu. La usalama ni zito zaidi. Mwezi wa Januari 2023, Daniel Milisic wa Kanada alieleza hadharani kwamba kisanduku cha T95 alichokinunua kilikuwa na programu hasidi ndani yake tangu kilipotoka kwenye katoni. Juni 2025, FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, ilitoa onyo kuhusu mtandao wa wahalifu uitwao BADBOX 2.0, ambao hutumia vifaa vya namna hiyo kuifanya intaneti ya nyumba yako kuwa njia ya kupitishia uhalifu wao, wewe ukiwa umekaa unatazama mpira. Mwezi uliofuata Google iliwashtaki wahusika, ikisema kwamba vifaa vilivyoambukizwa vinazidi milioni 10. Miongoni mwa dalili zilizotajwa na FBI ni kifaa kukutaka uzime Play Protect, yaani ulinzi wa Google unaokagua programu hasidi, na kifaa kutangazwa kwamba kinafungua chaneli za bure, yaani ahadi ile ile ya dukani kwetu.

Kujua vilivyoidhinishwa si kazi ngumu: tovuti ya Android TV ina orodha ya kampuni zinazoshirikiana na Google, na mnunuzi anaweza kuisoma kwenye simu yake akiwa bado mbele ya kaunta. Mwenye ndugu Marekani asikimbilie kuagiza kisanduku cha Roku ya huko, kwa sababu kampuni hiyo haijaleta huduma zake Kongo.

Memori iliyosifiwa na makala yenu haipunguzi mega hata moja. Kwa hesabu ya Netflix yenyewe, saa moja ya picha ya HD inaweza kula hadi GB 3, na ya 4K hadi GB 7, ilhali ukishusha ubora katika mipangilio ya akaunti, saa hiyo hiyo inaweza kubaki kwenye GB 0.7 au hata 0.3. Kwa sisi tunaonunua forfe za intaneti na kuwasha hotspot ya simu, mpangilio huo una faida kuliko GB 128 za memori zinazoandikwa kwenye katoni, ambazo mtazamaji wa kawaida hatazijaza kamwe.

Ombi langu kwenu ni moja: ukurasa wenu wa matangazo usipokee tena tangazo la kisanduku kinachoahidi chaneli zote bure, na muuzaji anayetaka kutangaza aeleze jina la kiwanda na kama kifaa chake kina idhini ya Google.

Msomaji wenu,
Komine ya Katuba, Lubumbashi