Mjomba, kabla hujailipia ile meli

Shikamoo Mjomba,

Nimeona heri nikuandikie, maana kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi. Na naiandika hadharani kwa kuwa wenzako wawili watatu wa rika lako wameshaniuliza yaleyale: nimestaafu, watoto wameshajitegemea, kwa nini nisiende nikaione Antaktika?

Nenda. Sikuzuii. Ila ile brosha uliyonipigia picha, yenye bwawa la kuogelea na ukumbi wa muziki, nimeisoma mara mbili nikitafuta kitu kimoja tu: idadi ya abiria. Nimeikuta ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo. Mjomba, meli hiyo haitakushusha.

Makampuni ya utalii wa kule yana chama chao, IAATO, kilichoundwa 1991, na kanuni zake hazina mchezo. Meli ikiwa na abiria zaidi ya 500, hakuna anayekanyaga nchi kavu. Inapita, mnatazama, inageuza. Na hata kwa meli ndogo, wanaoruhusiwa kuwa ufukweni kwa wakati mmoja hawazidi 100, na kuna sehemu ambazo hata hao ni wengi mno. Sasa wewe mtu wa hesabu, piga mwenyewe. Meli ya watu 100 inashusha wote kwa pamoja, mnakaa asubuhi nzima. Ya watu 200, nusu wako nchi kavu na nusu wanazungushwa kwenye boti za mpira, kisha mnabadilishana. Ya watu 400 ina zamu nne, na zamu yako ikifika huenda upepo nao umeshafika. Brosha haikudanganyi inaposema utaiona Antaktika. Kuiona utaiona, ukiwa umeegemea kizuizi cha sitaha.

Halafu, hakuna meli inayokupeleka kwenye Ncha ya Kusini yenyewe. Ncha iko bara, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka baharini, juu ya barafu nene. Wengi wenu mtafika Rasi ya Antaktika, ule mkono wa bara unaonyooka kuelekea Amerika ya Kusini. Na mkazamjomba naye umwambie taratibu: ile picha anayoitaka ya dubu mweupe na pengwini pamoja haipo. Dubu ni wa Aktiki, kaskazini. Pengwini ni wa kusini. Akimtaka dubu aende Svalbard, visiwa vya Norwei huko Aktiki, na huko nako Norwei imekaza kamba tangu Januari 2025: dubu humkaribii chini ya mita 300, na kuanzia Machi hadi mwisho wa Juni ni mita 500. Abebe darubini.

Tuje kwenye bahari, maana hapa ndipo mimi mwenyewe niliumbuka. Kutoka Ushuaia, kusini kabisa mwa Argentina, meli hukata Mlango-Bahari wa Drake kwa siku mbili hivi, na mbili tena kurudi. Kwenye latitudo zile hakuna nchi kavu inayouzuia upepo. Unaizunguka dunia nzima bila kugonga kitu, na mawimbi yanakua kadiri yapendavyo. Mimi nilikuwa nimeongeza pesa nipate chumba cha juu chenye roshani, huko mbele karibu na omo. Usiku wa kwanza omo iliinuka kama inataka kupaa, ikaanguka, ikainuka tena. Kufika saa nane za usiku nilikuwa nimelala sakafuni kwenye ujia wa sitaha ya chini, katikati ya meli, nimejifunika koti. Wahenga walisema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mimi ilibidi nilipie roshani ndipo niwaelewe. Wewe chukua chumba cha chini, cha katikati, chenye kidirisha cha duara. Bei yake ni nafuu zaidi, na tumbo lako litakushukuru. Wako wanaoikwepa Drake kwa ndege kutoka Punta Arenas, Chile, hadi kisiwa cha King George, huko huko Antaktika, lakini hali ya hewa ikichafuka ndege hairuki, nanyi mnabaki hotelini mkitazamana.

Ratiba usiiamini. Nasema hivi kwa heri, si kwa shari. Yule kiongozi wa msafara na nahodha ndio wanaoamua kila asubuhi, kwa kutazama upepo na barafu. Siku yetu ya Port Lockroy, ile kambi ya zamani ya Waingereza ya mwaka 1944 ambako siku hizi kuna posta, barafu ilikuwa imeziba mlango. Abiria mmoja alikuwa ameshaandika kadi zake kumi na mbili, stempu tu ndizo zilizobaki. Alisimama mapokezi akiitikisa ratiba kama hati ya mahakama. Mimi pia nilinuna, nikikuficha nitakuwa mwongo. Mchana tukapelekwa kwenye ghuba isiyokuwemo kwenye karatasi yoyote, injini za boti zikazimwa, na nyangumi mwenye nundu akaibuka kando yetu akapumua. Hakuna aliyenitahadharisha kwamba pumzi ya nyangumi inanuka samaki aliyeoza. Mwenye kadi alikuwa wa kwanza kucheka.

Kampuni inayokukatalia mambo ndiyo ya kuipa pesa yako. Kabla ya kushuka mara ya kwanza, mtaitwa na nguo zenu. Mtu anakaa na mashine ya kufyonza vumbi, anapitisha kwenye mifuko ya koti, kwenye pindo za suruali, kwenye utepe wa kunata wa glavu, akitafuta mbegu na udongo mliotoka nao makwenu. Mabuti yanasuguliwa kwa brashi na kutumbukizwa kwenye dawa, kwenda na kurudi. Ufukweni hukai, hupigi goti, begi huliweki chini. Hilo limeletwa na mafua ya ndege, yaliyothibitishwa kisiwani South Georgia Oktoba 2023 na kwenye bara lenyewe Februari 2024. Pengwini unamwachia mita tano. Wana njia zao walizochimba kwenye theluji kwa kupita na kupita, na wewe ukikutana nao unasimama, wapite. Harufu yao itakufikia kabla hujawaona, na theluji pale ina rangi ya waridi kwa sababu ya kinyesi chao, maana wanakula duagaa, vijidudu vya baharini vinavyofanana na kamba. Picha za brosha hazina harufu, bahati yao.

Bima isome hadi neno la mwisho. Kwenye meli kuna daktari na chumba kidogo cha matibabu. Hospitali iko ng'ambo ya Drake. Bima isiyolipia kukutoa kule kwa dharura ni karatasi tu. Sikutishi, lakini tarehe 23 Novemba 2007 Explorer, meli iliyojengwa 1969 mahsusi kwa safari hizi, iligonga barafu karibu na visiwa vya South Shetland ikazama. Watu wote 154 walikaa kwenye mashua za kuokolea kwa saa kadhaa katika baridi ile, hadi meli ya Kinorwei, Nordnorge, ilipowafikia. Walitoka wote salama. Kwa hiyo muulize wakala wako ni meli gani nyingine zitakuwa karibu wiki hiyo. Akikushangaa, tafuta wakala mwingine.

Sasa lile goti lako bovu. Kuingia kwenye boti ya mpira ni hivi: unashuka ngazi ya ubavuni, meli inapanda, boti inashuka, baharia anakunyooshea mkono. Usimshike kiganja, mshikane karibu na kiwiko, maana kiganja chenye glavu iliyolowa huteleza. Unakanyaga mgongo wa boti, kisha sakafu, unakaa, unajisogeza kwa makalio hadi mahali pako. Kila siku mara nne, na hakuna anayekusubiri ujiweke sawa.

Basi nitumie jina la meli nyingine, yenye abiria chini ya 200, kabla hujatoa malipo ya awali. Na kuanzia kesho panda na kushuka ngazi asubuhi bila kushika ukuta. Ukizimaliza kumi pasipo kusimama, niambie, nami nitakutafutia mabuti.

Msalimie mkazamjomba.

Mpwa wako