Slaidi za kusoma kwa pamoja

Mwalimu mwenzangu mpendwa,

Salamu nyingi. Nimefurahi mno kusikia mmepata projekta, na kwamba unataka kuanza nayo kwenye vipindi vya kusoma kwa pamoja. Uliniuliza slaidi ziweje.

Tuanze na chanzo cha kusoma huku kwa pamoja, mwalimu na darasa zima wakifuata maandishi yale yale. Don Holdaway na walimu wenzake huko Nyuzilandi waliona jinsi mtoto anavyojifunza akisomewa na mzazi, wote wawili wakitazama ukurasa mmoja. Wakataka darasa zima lipate nafasi hiyo, ndipo wakatumia vitabu vya kurasa na herufi kubwa, vinavyoonekana na darasa zima. Slaidi inafanya kazi ile ile: mtoto aliyekaa nyuma kabisa alione neno unalolitamka, papo hapo unapolitamka.

Kwa hiyo usijifiche nyuma ya kompyuta. Simama kando ya skrini, kifimbo mkononi, upitishe chini ya neno moja baada ya jingine. Maneno yanayoruka na kuzunguka yaondoe yote, yanavuta macho ya mtoto bure. Sentensi mbili tatu kwa slaidi zinatosha, kwa herufi kubwa zisizo na mapambo. Na tafadhali, usikate mstari katikati ya maneno yanayosomwa kwa pumzi moja.

Utamu wenyewe uko kwenye kufunika neno. Andika "Paka alipanda juu ya mti", kisha funika "mti" kwa kiboksi. Watasema meza, kiti, paa, mti. Nyamaza. Sogeza kiboksi itokee m: kiti na paa vimetoka, meza na mti bado vinashindana. Ikitokea t, darasa zima litapaza sauti. Mtoto anajionea kwamba kubahatisha hakutoshi, herufi ndizo zinazoamua. Ila picha ya mti isiwepo hapo, iweke slaidi inayofuata, la sivyo watasoma picha.

Maneno marefu nayo yanasaidika. Neno kama "walimkimbiza" liandike silabi kwa silabi kwa rangi mbili zinazopishana, halafu slaidi ya pili lirudi zima, rangi moja.

Hadithi moja irudie siku kadhaa. Siku ya kwanza wasikilize tu na kufurahi, maswali yatasubiri. Nakuomba sana jambo hili, maana slaidi zinatushawishi kuuliza kila baada ya sentensi, na hadithi inakufa mikononi mwetu. Kesho yake watadakia wenyewe pale panapojirudia, na kazi ya herufi ije baadaye.

Chapisha pia nakala chache za karatasi. Kwenye skrini wewe ndiye unayefungua kurasa, na mtoto anahitaji kuzifungua kwa mkono wake, arudi nyuma akitaka.

Nitumie slaidi za hadithi yako ya kwanza kabla hujaingia nazo darasani. Nitaangalia hasa ulivyokata mistari.

Wako akupendaye,
Mwalimu mwenzako