Nekesa, kukhu, nyanya yako, hakumalizia ile stori

Mwanangu Nekesa,

Salamu kutoka Nakuru, mama yako mzima, mimi pia mzima, kazi ya kusukuma siku haikosi hapa kwa kibanda. Najua hupendi meseji ndefu lakini hii isome yote tafadhali, ata kama ni vipande vipande ukiwa kwa matatu, manake kuna jambo limenikaa rohoni tangu Aprili tulipokuwa kijijini Chwele na siku ile sikulisema.

Unakumbuka kukhu wako alikuwa anawaeleza venye Wele Khakaba, Mungu wa sisi Wabukusu, aliumba mbingu kwanza, akaishikilia na nguzo kama paa la nyumba ndio isianguke, alafu akaumba mwezi na jua, mtu na ndugu yake, mwezi ndio mkubwa na ndio ulikuwa unang'aa zaidi. Jua likaona wivu, wakapigana mieleka. Mara ya kwanza mwezi ukashinda, jua likaomba msamaha likaachiliwa, mara ya pili jua likauangusha mwezi kwa matope na kuupaka... na hapo ndio ukacheka ukamwambia hiyo ni ya watoto, sayansi ilishamaliza hayo maneno. Mama wa watu akanyamaza, akarudia kuchambua kunde zake. Mimi niliumia lakini nikakaa kimya, na nimejuta.

Sasa mama, sayansi haijamaliza hayo maneno. Wazee wetu walikuwa wajenzi, walijua paa bila nguzo halikai, kwa hivyo wakaangalia juu wakajiuliza hii nayo imeshikiliwa na nini. Hilo ni swali la mtu anayefikiria! Na hawakuwa peke yao, watu wa Babeli walisema mungu wao Marduk alimpasua Tiamat vipande viwili, kimoja kikawa mbingu. Aristotle kule Ugiriki akasema ulimwengu hauna mwanzo, umekuwepo tu siku zote, na al-Ghazali, mwanachuoni Mwislamu aliyekufa mwaka wa 1111, akabisha sana akasema lazima ulianza. Askofu mmoja wa Ireland, James Ussher, mwaka wa 1650 alipiga hesabu za vizazi vya Biblia akapata dunia iliumbwa mwaka wa 4004 kabla ya Kristo, na watu wengi waliishi na hiyo tarehe miaka na miaka.

Lakini mtu ninayetaka umjue vizuri ni Georges Lemaître wa Ubelgiji. Alikuwa padre, padre kabisa wa Katoliki, alipata upadre 1923, na pia alikuwa mtu wa fizikia. Wakati huo ata Einstein aliamini ulimwengu umetulia, haukui wala haupungui, na hesabu zake zilipokataa kutulia, mwaka wa 1917 akaongeza kitu ndani ndio zitulie. Lemaître 1927 akaandika kwamba hapana, ulimwengu unapanuka. Einstein akamwambia hesabu ziko sawa lakini fizikia yake ni ya kuchukiza. Miaka miwili tu baadaye Edwin Hubble akiwa California akaonyesha galaksi, yale makundi makubwa ya nyota, zinatukimbia, na ile ya mbali zaidi ndio inakimbia zaidi. Unajua venye honi ya lori huku barabara ya Eldoret inakuwa nyembamba likija alafu inakuwa nzito likishapita? Mwanga wa kitu kinachoenda mbali nao unabadilika karibu hivyo, unavutwa kuelekea wekundu. Basi padre akasema, kama leo vitu vinaachana, ukirudi nyuma ya kutosha utakuta vyote vilikuwa pamoja.

Na hapa ndio nakuomba usome polepole. Wengine walimkataa kwa sababu neno "mwanzo" lilinuka kanisa kwao! Fred Hoyle, bingwa kabisa wa Uingereza, hakutaka kusikia, na ni yeye mwaka wa 1949 kwa redio ya BBC aliyeuita huo mwanzo "mlipuko mkubwa", jina ambalo mnatumia mpaka leo. Alafu 1951 Papa Pius wa 12 akasema kama vile sayansi imethibitisha uumbaji, na Lemaître mwenyewe hakufurahia, hakutaka imani ikaegeshwe kwa hesabu ambazo kesho zinaweza kubadilika. Huyo mtu namheshimu sana.

Sasa ifike kwa kazi yangu. Ukiwa mdogo ulikuwa unakaa hapa chini ya meza ya kibanda, TV ya mteja ikikosa kushika stesheni unaona zile doti nyeupe na nyeusi zinarukaruka kama mchele kwa ungo, na ile sauti ya shhhh. Mwaka wa 1964 huko New Jersey, Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa na antena kubwa kama tarumbeta na ilikuwa na hiyo shhhh, mchana, usiku, ukiigeuza upande wowote ni ile ile. Wakakagua waya, wakakuta njiwa wamejenga ndani, wakawatoa wakasugua kinyesi chote, na bado shhhh. Mimi kama fundi najua hiyo hasira ya kelele isiyo na chanzo. Kumbe ni joto lililobaki la ule mwanzo, limepoa mpaka nyuzi 270 chini ya sufuri, liko kila mahali, na leo wanahesabu ni miaka kama bilioni 13.8 imepita. Lemaître aliletewa hiyo habari akiwa mgonjwa, siku chache tu kabla afariki Juni 1966. Nikifikiria hapo machozi yananilenga.

Na kile kilichokuwepo kabla ya huo mwanzo bado wanatafuta, Nekesa. Swali la nguzo liko wazi.

Zile TV za dijito haziwezi kuonyesha doti, lakini nimebakisha moja ya zamani, niliiwasha jana usiku nikaitazama peke yangu. Kama doti moja kwa kila mia zinatoka huko kwa mwanzo. Disemba tutaibeba twende nayo Chwele, stima si ilishafika, tumwekee kukhu aione, na wewe umwombe aanzie pale kwa matope.

Baba yako