Barua ya wazi kwa binti zangu wenye virusi vya homa ya ini

Binti zangu,

Nasikia mnaambizana kwamba mwenye homa ya ini akizaa watoto wengi amejikinga na saratani, na kwamba asiyezaa, au aliyekoma hedhi mapema, ajiandae. Nimeumia kusikia hivyo, kwa sababu maneno hayo yamechanganya ukweli na ukatili.

Ukweli ni huu. Saratani ya ini huwapata wanaume mara mbili hadi tatu zaidi ya wanawake, na wataalamu wengi wanaona estrojeni, homoni ya kike, ina mkono wake katika kulilinda ini la mwanamke. Mwaka 2003 watafiti wa Taiwan walichapisha kwamba hatari ilipungua kadiri mwanamke alivyobeba mimba nyingi zilizotimia na kadiri hedhi yake ilivyochelewa kukoma. Walioondolewa ovari, yaani viungo vinavyotoa mayai ya uzazi, kabla ya kukoma hedhi walikuwa na hatari kubwa zaidi. Lakini kuhusu idadi ya mimba, kwingineko wapo walioona kinyume.

Hayo ni mahesabu ya makundi ya watu. Hayamtabirii mmoja wenu. Mama wa watoto saba anaweza kuugua, na ambaye hakujaliwa mtoto anaweza kuzeeka na ini lake zima. Asiwepo mkwe wala mume wa kumsukuma mwanamke abebe mimba eti ni dawa ya ini. Wala msijinunulie vidonge vya homoni kwa sababu ya habari hizi.

Kinacholeta saratani ni virusi kulichokoza ini mwaka baada ya mwaka. Hapo ndipo pa kupambana. Mwenye homa ya ini ya aina C ana bahati ambayo mama zetu hawakuwa nayo: vidonge vya wiki 8 hadi 12 huponya zaidi ya watu 95 katika kila 100. Ila kama ini lilikwisha kujaa makovu, vipimo viendelee hata baada ya kupona. Mwenye aina B bado hana dawa ya kuvimaliza virusi, lakini vidonge viitwavyo tenofovir huvidhibiti na kupunguza hatari. Na B ina hila yake, huweza kuleta saratani hata kwenye ini lisilo na makovu, kwa hiyo msingoje maumivu. Muulizeni daktari kama mnastahili ultrasaundi kila baada ya miezi 6.

Mjamzito mwenye B, sema mapema. Mtoto apate chanjo ndani ya saa 24 za kuzaliwa, maana wachanga 9 kati ya 10 wanaoambukizwa wakati huo hubaki na virusi. Virusi vikiwa vingi, utapewa tenofovir kabla ya kujifungua. Kunyonyesha kunaruhusiwa. Usiache dawa kwa uamuzi wako baada ya kujifungua: kinga ya mwili huamka upya na ini huweza kushambuliwa ghafla.

Nanyi mliokoma hedhi, au mliotolewa ovari, huu si wakati wa kuruka kliniki. Makovu ya ini huweza kwenda kasi zaidi baada ya hapo. Anayetibu ini mara nyingi haulizi habari za hedhi, basi mwambieni wenyewe: ilikoma lini, mlifanyiwa upasuaji gani, mnatumia homoni gani. Aandike kwenye faili mkiwa mmekaa hapo hapo.

Mama yenu